Kabla hujaipokea kata: Msafiri wa kikazi aijue pombe ya nyumbani

Na Mwandishi Wetu

MFANYAKAZI wa mjini anapotumwa kikazi mikoani hubeba vitu vingi katika mkoba wake: barua ya utambulisho, kompyuta, nguo za kubadili na hesabu ya posho ya kujikimu. Jambo ambalo aghalabu halimo katika mkoba huo ni elimu ya kinywaji atakachokaribishwa jioni ya siku ya kwanza, pale kikao kinapokwisha na wenyeji wakamchukua ili aone namna watu wa pale wanavyopumzika.

Kule alikotoka amezoea bia ya chupa. Chupa ina kizibo, ina jina la kiwanda, ina asilimia ya kileo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Sasa amewekewa mkononi kata ya mbege, au bilauri ya ulanzi, au kikombe cha rubisi. Hakuna kizibo wala maandishi. Wenyeji wanamtazama kwa tabasamu wakingoja anywe.

Wapo wasafiri ambao hukataa kwa dharau, wakiamini kwamba kila kilichopikwa kijijini ni sumu. Wapo pia ambao hunywa chochote walichopewa, wakiamini kwamba kila kilicho cha asili ni salama. Makundi yote mawili yanakosea, na kosa lao lina chanzo kimoja: hawajui kinywaji kile kimepitia hatua gani kabla ya kufika mkononi mwao.

Makala haya hayakusudii kumshawishi asiyekunywa aanze kunywa, wala kumhukumu anayekunywa. Nia yake ni kueleza jinsi pombe ya nyumbani inavyofanyika, ni kitu gani humlinda mnywaji na ni kitu gani humdhuru. Ukweli ni kwamba pombe hiyo nayo ina lebo yake. Lebo hiyo imo katika hatua za upishi na katika saa, na mtu anaweza kujifunza kuisoma.

Sukari, hamira na muda

Pombe yote duniani, ya kiwandani na ya nyumbani, huanzia mahali pamoja. Viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndivyo hamira, hula sukari na kutoa vitu viwili: kileo na hewa ya ukaa. Hewa hiyo ndiyo inayoleta povu na ile sauti ya kuchemka ambayo mtu huisikia akitega sikio kwenye pipa, ingawa hakuna moto chini yake.

Mpishi wa kijijini kwa kawaida hana haja ya kununua hamira dukani. Imo juu ya maganda ya matunda, imo hewani, na zaidi ya yote imo katika mitungi na mapipa yaliyotumika mara iliyopita. Ndiyo sababu wapishi wengi wana mtungi wanaouthamini kuliko vyombo vingine vyote. Mtungi huo una hamira iliyokwisha kuzoea kazi.

Ndizi mbivu, asali na utomvu wa mnazi vina sukari tayari, hivyo huchacha upesi. Nafaka ni habari nyingine. Ulezi, mtama na mahindi vina wanga, na hamira haiwezi kula wanga. Lazima wanga huo ugeuzwe kwanza kuwa sukari.

Hapo ndipo unapoingia ufundi wa kutengeneza kimea. Nafaka hulowekwa, hufunikwa mahali penye joto na unyevu, na baada ya siku chache huanza kuota. Punje inapoota huzalisha vimeng'enya vyenye uwezo wa kuvunjavunja wanga kuwa sukari, ili mche mchanga upate chakula. Mpishi huukatisha mpango huo kwa kuianika nafaka juani, kisha huisaga. Unga huo ndio kimea.

Njia hiyo hiyo ndiyo inayotumika katika viwanda vikubwa, isipokuwa huko nafaka kuu huwa shayiri. Kiwanda kimojawapo cha bia katika ardhi ya Tanzania ya leo kilianza Dar es Salaam mwaka 1933. Kufikia wakati huo, bibi zetu walikuwa wameotesha ulezi kwa vizazi visivyohesabika bila kuwa na neno la kuviita vimeng'enya.

Tofauti kubwa ipo mwishoni. Bia ya chupa kwa kawaida huchujwa hadi ikang'aa, kisha hupashwa joto ili hamira iliyosalia ife. Pombe ya nyumbani haifanyiwi hivyo. Inapomiminwa katika kata ingali hai, na hamira yake ingali kazini. Jambo hilo ndilo msingi wa mengi yatakayofuata.

Mbege: kazi ya wiki nzima

Tuanze Kilimanjaro. Mbege ya Wachagga hutokana na vitu vinne: ndizi mbivu, ulezi, maji na gome la mti uitwao msesewe.

Ndizi zilizoiva sana huchemshwa kwa saa nyingi hadi zikabadilika rangi na kuelekea wekundu wa udongo. Huachwa zipoe, kisha hukaa katika chombo siku kadhaa zikichacha. Rojo hilo lililochacha huitwa nyalu. Kando yake mpishi huandaa ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa, akaupika kuwa uji uitwao mso. Nyalu huchujwa, huchanganywa na mso uliopoa, na mchanganyiko huachwa uendelee kuchacha kwa muda mfupi kabla ya kunywewa.

Msesewe ndio unaotia uchungu. Katika bia ya kiwandani kazi hiyo hufanywa na maua ya mmea uitwao hopsi, ambayo hupunguza utamu wa kimea na kusaidia kinywaji kisiharibike upesi. Mlima Kilimanjaro haukuwa na hopsi, lakini ulikuwa na msesewe.

Kuanzia kuloweka ulezi hadi kunywa, kazi hii huchukua wiki nzima au zaidi. Na baada ya muda wote huo, mbege nzuri hudumu siku moja au mbili tu kabla haijawa kali mno na chachu. Kwa hiyo mbege hupikwa kwa tarehe: harusi ya Jumamosi, kikao cha mahari, siku ya gulio. Mpishi huhesabu siku kwa kurudi nyuma kutoka siku ya shughuli.

Msafiri na azingatie jambo moja hapo. Ndizi na ulezi wa mbege vyote vimepita katika moto. Vijidudu vingi vilivyokuwamo katika maji vimekufa. Hatari iliyosalia ni ile inayoingia baada ya kupika: chombo kichafu, mikono michafu, au maji mabichi yaliyoongezwa ili pombe itoshe watu wengi.

Rubisi, ulanzi na mnazi

Si kila pombe hupita motoni. Msafiri akivuka hadi Kagera atakutana na rubisi. Hapo ndizi huivishwa kwanza, mara nyingi katika shimo lililopashwa joto na kufunikwa kwa majani. Kisha humenywa na kukamuliwa pamoja na nyasi katika chombo cha mti kilichochongwa mithili ya mtumbwi. Ukamuaji huo kwa desturi hufanywa kwa miguu. Maji ya ndizi huchujwa, huongezwa maji mengine, hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, na hufunikwa kwa muda wa takriban siku moja.

Katika njia hiyo ya asili hakuna hatua ya kuchemsha. Usafi wa rubisi unategemea usafi wa miguu, wa nyasi, wa chombo, na zaidi ya yote wa maji. Mpishi mwangalifu hulijua hilo na huchemsha maji yake mapema. Asiye mwangalifu huchota mtoni na kumimina.

Nyanda za Juu Kusini, hasa Iringa na Njombe, zina ulanzi. Huo haupikwi kabisa, bali hugemwa. Msimu wa mvua, mianzi michanga ya aina maalumu inapochipua, mgemaji hukata ncha ya chipukizi na kuiwekea chombo cha kukingia utomvu. Mianzi hiyo huchongwa upya kila siku ili utomvu usikome. Unapotoka ni mtamu kama maji ya matunda. Saa chache baadaye huwa umekwisha kuanza kuchacha, na kesho yake huwa mkali.

Pwani nako, kuanzia Tanga hadi Kilifi nchini Kenya, tembo la mnazi hugemwa kwa mantiki hiyo hiyo, ila kutoka kwenye karara la mnazi. Utomvu huanza kuchacha ukiwa bado juu ya mti, ndani ya kibuyu.

Msafiri akivuka mipaka atakuta majina mengine, lakini kanuni ni ile ile. Busaa ya magharibi mwa Kenya hutokana na unga wa mahindi uliochachushwa kisha ukakaangwa na kuchanganywa na kimea cha wimbi. Malwa ya Uganda huwekwa katika chungu, hutiwa maji ya moto, na wanywaji hukizunguka wakifyonza kwa mirija mirefu. Rwanda na Burundi zina urwagwa wa ndizi, jamaa wa karibu wa rubisi.

Saa ndiyo lebo

Kwa kuwa pombe hizi zingali hai, nguvu yake hubadilika kutwa nzima. Bilauri ya ulanzi ya asubuhi na bilauri ya ulanzi wa mwianzi huo huo ya jioni si kinywaji kimoja. Sukari imepungua na kileo kimeongezeka. Anayehesabu bilauri kama anavyohesabu chupa za bia amejidanganya, kwa sababu kipimo chake kimebadilika wakati yeye ameketi.

Upo mpaka, hata hivyo. Kileo kinapofikia kiasi cha asilimia 15 hivi, hamira nyingi hushindwa kuendelea kuishi katika kinywaji ilichokitengeneza yenyewe. Pombe nyingi za nafaka, ndizi na utomvu hukaa chini sana ya mpaka huo, mara nyingi karibu na nguvu ya bia ya kawaida. Wanzuki, unaotokana na asali yenye sukari nyingi, waweza kupanda zaidi.

Baada ya kileo huja uchachu. Bakteria wengine huingia na kuanza kukigeuza kileo kuwa siki. Uchachu huo hauwapendezi wanywaji, lakini si adui mtupu, kwani vijidudu vingi vya maradhi ya tumbo havistawi katika kinywaji kichachu. Hiyo ni sababu mojawapo iliyowawezesha wazee wetu kunywa pombe hizi miaka yote bila jokofu. Hata hivyo, uchachu hauondoi sumu iliyokwisha kuingia katika nafaka.

Kwa msafiri wa kikazi, suala hili la nguvu isiyopimika lina uzito wa pekee kwa mtu mmoja: dereva. Ni kawaida katika safari hizi wenyeji kuona vibaya kwamba maofisa wamekaribishwa ndani huku dereva ameketi peke yake katika gari. Humpelekea kata kwa nia njema kabisa. Dereva naye huona aibu kukataa heshima, na hujituliza kwamba hii ni pombe ya kienyeji tu, si bia.

Mwili hautambui tofauti hiyo. Kileo cha ndizi na kileo cha shayiri ni kitu kimoja, na kifaa cha askari wa usalama barabarani hakiulizi kama kilichonywewa kilitoka kiwandani au mgombani. Anayepaswa kumwokoa dereva katika aibu hiyo ni kiongozi wa msafara, kwa kusema mapema, mbele ya wenyeji, kwamba dereva ana safari na atapewa chakula na soda. Likisemwa na mkubwa huwa ni utaratibu wa kazi, na hakuna anayeudhika.

Ya kuchachusha na ya mvuke

Tofauti ambayo kila msafiri anapaswa kuijua hata kama hatajua nyingine yoyote ni hii: kuna pombe ya kuchachusha na kuna pombe ya kukeneka. Yote yaliyoelezwa hadi hapa ni ya kuchachusha. Kukeneka ni kuichemsha pombe iliyokwisha kuchacha, kuukusanya mvuke wake na kuupoza uwe kimiminika tena. Kileo huchemka katika nyuzi joto 78 za Selsiasi, ilhali maji huchemka katika nyuzi 100, hivyo mvuke wa mwanzo huwa na kileo kingi. Zao lake ni gongo ya Tanzania, chang'aa ya Kenya na waragi ya Uganda.

Ule mpaka wa hamira uliotajwa hapo juu haupo tena. Kinywaji chaweza kuwa na nguvu mara kadhaa ya bia, na hakuna awezaye kuikadiria kwa macho, maana ni cheupe kama maji.

Hatari kubwa zaidi ni methanoli. Hii ni aina ya kileo itumikayo viwandani, inayofanana na kileo cha kawaida kwa rangi na hata kwa ladha. Kiasi kidogo hujitokeza chenyewe wakati matunda yanapochacha, lakini maafa makubwa kwa kawaida hayatokani na kiasi hicho. Hutokea pale mfanyabiashara mwenye tamaa anapoongeza methanoli ya viwandani ili kinywaji kiwe kingi na kikali kwa gharama ndogo.

Mwilini, methanoli hugeuka kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho. Dalili hukawia, pengine saa 12 hadi 24: maumivu ya tumbo, kutapika, kuona ukungu, kupumua kwa shida. Mtu anayeamka akiona kama ametandaziwa pazia jeupe machoni asidhani ni uchovu wa kawaida. Matibabu yapo, lakini hufaa pale mgonjwa anapofikishwa hospitali mapema na kueleza bila kuficha alichokunywa.

Mwezi Novemba mwaka 2000, zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi baada ya kunywa kinywaji kilichojulikana kama kumi kumi, ambacho kilikuwa na methanoli. Mwezi Mei mwaka 2014 maafa ya aina hiyo yalirudi nchini humo na kuua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa mojawapo.

Sheria za nchi zetu zimeitambua tofauti hii kwa muda mrefu. Tanzania ilitunga Sheria ya Moshi mwaka 1966, ikikataza kutengeneza na kukeneka kinywaji hicho bila leseni. Pombe za kienyeji za kuchachusha ziliwekewa utaratibu wa leseni za kuuzia katika Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Kenya iliipiga chang'aa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, kisha mwaka 2010 ikabadili msimamo na kuiruhusu kwa masharti, katika sheria iliyozoeleka kwa jina la mbunge John Mututho. Matumaini yalikuwa kwamba kinywaji kinachotengenezwa mchana kweupe huweza kukaguliwa. Maafa ya 2014 yalionyesha kwamba kuruhusu bila kukagua hakutoshi.

Hata ng'ambo mstari umechorwa mahali hapo hapo. Marekani iliwaruhusu raia wake kupika bia nyumbani kwa matumizi yao bila kodi kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978.  Kukeneka nyumbani hakukuguswa.

Nafaka mbovu haitengenezi pombe njema

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba pombe ya kuchachusha haiwezi kuua. Tukio la Chitima, katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, ni fundisho ambalo kila mpishi na kila mnywaji wa ukanda huu anapaswa kulikumbuka.

Mwezi Januari mwaka 2015 watu walikusanyika msibani, wakanywa pombe ya kienyeji iliyopikwa kwa unga wa mahindi. Watu 75 walifariki dunia, mpishi mwenyewe akiwa mmoja wao, na zaidi ya 150 walifika hospitali. Uvumi ulienea haraka kwamba pombe ilitiwa nyongo ya mamba, imani ya kale katika eneo lile. Majirani walianza kutazamana kwa shaka.

Uchunguzi wa maabara ulitoa jibu jingine. Sumu iliyoonekana ni asidi ya bongkreki, inayotengenezwa na bakteria wanaoweza kuota katika mahindi yaliyoharibika. Hapakuwa na mchawi wala nyongo ya mamba. Palikuwa na unga mbovu, ambao pengine mtu aliona ni hasara kuutupa na akaamua kuupikia pombe.

Tabia hiyo ya kupeleka nafaka mbovu kwenye pombe haikuanzia Chitima wala haikuishia huko. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo mama wa nyumbani hawezi kuyasonga ugali, huonekana bado yanafaa kwa komoni au busaa. Ukungu huo waweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kuchachusha kwa kiwango cha kumhakikishia mnywaji usalama. Nchini Kenya, mwaka 2004, sumukuvu katika mahindi iliua watu 125 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake. Mwaka 2016 Tanzania nayo ilipoteza watu katika mikoa ya kati kutokana na sumukuvu. Katika matukio hayo sumu ililiwa zaidi kama chakula, lakini mahindi ni yale yale.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya upishi salama hukamilika kabla ya moto kuwashwa: nafaka isiyofaa kwa uji wa mtoto haifai kwa pombe ya mgeni.

Mgema na maji yake

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo tumezoea kuitumia kuwasema wanaolewa sifa, lakini maana yake ya waziwazi ina hekima ya kiafya. Mgema anapopata wateja wengi kuliko tembo lake, huongeza maji. Ladha hupungua, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba maji hayo huingia mwishoni, baada ya hatua zote za kinga, na kama ni ya kisima kichafu huja na kuhara, na hata kipindupindu.

Ni kwa sababu hiyo mamlaka za afya, kila kipindupindu kinapozuka, huvitazama vilabu vya pombe kwa jicho kali pamoja na vibanda vya chakula. Vikombe vinavyozunguka bila kuoshwa kwa maji safi vinatosha kusambaza maradhi hata kama pombe yenyewe ilipikwa vizuri. Msafiri anaweza kuomba kikombe chake mwenyewe bila kumvunjia mtu heshima.

Nyuma ya kila kata kuna mama

Pombe hizi kwa sehemu kubwa hupikwa na wanawake. Kwa mama asiye na mshahara wala shamba kubwa, pipa moja la pombe ni ada ya shule, ni sare, ni dawa, ni mchango wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mtaji wake ni mkungu wa ndizi, debe la ulezi, kuni na ujuzi aliorithishwa na mama yake.

Jambo hilo lina pande mbili. Upande mmoja, jina lake ndilo leseni yake mbele ya jirani. Akimdhuru mtu leo, kesho hana mteja. Kwa sababu hiyo wapishi wengi ni waangalifu kuliko mgeni anavyodhani. Upande mwingine, shinikizo la fedha ndilo linalomsukuma mtu kufupisha hatua: kutumia mahindi yenye ukungu, kuchemsha kwa kuni chache, kuongeza maji, au kuhamia kwenye gongo kwa kuwa faida yake ni ya haraka.

Wanaotunga kanuni wakilisahau hilo, msako wa mapipa hubaki kuwa mchezo wa paka na panya. Pipa likimwagwa, ada ya mtoto imemwagika nayo, na mpishi huhamia kwenye kificho ambako hakuna bwana afya atakayemkuta. Elimu ya kuchagua nafaka, maji yaliyochemshwa na vyombo visivyowahi kubeba kemikali ingeokoa watu wengi zaidi kwa gharama ndogo.

Maswali ya kuuliza

Basi msafiri afanyeje anapoletewa kata? Aanze kwa kula, maana tumbo tupu hukipokea kileo kwa kasi. Kisha aulize, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza na si ya mkaguzi: Mama, hii imepikwa lini? Imetokana na nini? Mnatumia maji gani hapa? Wapishi walio wengi hufurahia maswali hayo, na huyajibu kirefu kwa kuwa wanajivunia kazi yao. Anayekwepa kuyajibu ameshatoa jibu.

Atazame pia kama wenyeji wenyewe wanakunywa. Katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki ni desturi anayekaribisha kuonja kwanza mbele ya mgeni kabla ya kumkabidhi. Desturi hiyo ni ya heshima, nayo ni kinga pia, ingawa si kamili: sumu kama ile ya Chitima haikuonekana katika kuonja.

Kama kinywaji ni cheupe kama maji na kimeletwa katika chupa iliyofungwa kwa gazeti au kipande cha plastiki, hicho kimekenekwa, na jibu la busara ni kukiacha. Kusema kwamba natumia dawa, au dini yangu hairuhusu, au kesho nina kazi ya asubuhi, kunatosha. Wenyeji waungwana hawamlazimishi mtu. Anayetaka kuheshimu kata bila kunywa anaweza kuipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na kumpa mzee aliye kando yake.

Na kwa yule atakayekunywa, akumbuke kwamba kesho atarudi katika ofisi za wenyeji wale wale. Pombe si chai. Kikao cha saa mbili asubuhi hakiahirishwi kwa sababu ulanzi wa jana ulikuwa umekaa kuliko alivyodhani.

Safari njema.